Pikapu Iliyoinuka Nyuma: Kuinua Mbele, Kushusha Nyuma au Kuiacha Ilivyo

Mtu anayenunua pikapu kwa mara ya kwanza, hasa ile ya milango minne inayovuta kwa magurudumu yote, hugundua mapema kwamba gari likiwa tupu nyuma inakaa juu na pua inakaa chini. Wapo wasiojali, na wapo ambao mkao huo hauwapendezi hata kidogo, nao huenda gereji kuomba gari lisawazishwe. Njia za kulisawazisha ni kadhaa, na kila fundi ana anayoipigia debe, mara nyingi ile ambayo vifaa vyake tayari viko dukani kwake. Makala haya yanalinganisha njia tano kwa vigezo vilevile, yakichukua mfano wa pikapu zilizozoeleka katika barabara za Afrika Mashariki: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200 na Nissan Navara.

Kwa nini nyuma iko juu

Springi za nyuma za pikapu nyingi ni za mabapa, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na zimetengenezwa kubeba mzigo unaokaribia tani moja. Bodi likiwa tupu, springi hizo hubeba sehemu ndogo tu ya uzito ambao ziliandaliwa kuubeba, kwa hiyo hubaki zimejipinda kama upinde na kuiinua nyuma. Ukipakia mifuko 15 ya saruji ya kilo 50, upinde unanyooka, nyuma inashuka, na gari linakaa sawa au linalala kidogo kwa nyuma. Mwinuko unaoonekana gari likiwa tupu ni nafasi iliyoachwa makusudi ili mzigo upate mahali pa kushukia. Matoleo mengi ya milango minne ya Navara ya kuanzia 2014 yana koili (springi za kuzunguka) nyuma badala ya mabapa, lakini mantiki ni ileile.

Hata hivyo, kwa magari yaliyokwisha kutumika, mwinuko unaouona si lazima uwe ule wa kiwandani. Zipo sababu mbili ambazo hukutana nasi sana. Ya kwanza ni mabapa ya nyongeza: mwenye gari wa awali aliyekuwa akisomba mchanga, ndizi au miraa alimwambia fundi aongeze bapa moja au mawili kila upande, kisha gari likauzwa kwa mtu anayekwenda nalo ofisini. Ya pili ni koili za mbele zilizolala kwa uzee, au zilizolemewa na bulbaa (kinga ya mbele) ya chuma na winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama) ambavyo kwa pamoja vinaweza kuongeza kilo 80 au zaidi mbele ya ekseli. Katika hali zote mbili ugonjwa uko mahali panapojulikana, na kuweka kifaa cha kusawazisha bila kuugusa ni kuongeza kosa juu ya kosa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu alale chini ya gari na kuhesabu mabapa, ayalinganishe na ya gari kama lake ambalo halijaguswa, kabla hajafungua pochi.

Kupima kabla ya kuchagua

Egesha gari mahali palipo tambarare kabisa, upepo wa matairi ukiwa sahihi na tangi likiwa na mafuta ya kawaida, kisha lisogeze mbele na nyuma mita chache ili springi zitulie. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, kwenye magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu kipimo hicho kinabadilika na ukubwa na uchakavu wa tairi. Vipimo vya kitovu vinakusaidia kujua gari limepanda au limeshuka kiasi gani baada ya kazi, na kama kushoto kumelingana na kulia. Lakini havikuambii moja kwa moja mbele na nyuma vimepishana kiasi gani, kwa kuwa matundu ya madigadi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa kwa kimo kimoja. Mpishano wenyewe upime kwenye chesesi, au kwenye ukingo wa chini wa milango, karibu na gurudumu la mbele na karibu na gurudumu la nyuma.

Baada ya hapo rudia vipimo vyote ukiwa umepakia mzigo unaoubeba kwa kawaida pamoja na abiria wa kawaida. Namba hizi za pili ndizo zenye uamuzi. Pikapu ambayo ikiwa tupu imeinuka nyuma kwa sentimita 5, na ikipakiwa inakaa sawasawa, haina kitu cha kusawazishwa isipokuwa sura yake.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nimeipima kwa mambo matano: kimo inachokupa na mipaka yake, athari yake kwa uwezo wa kubeba na kuvuta mzigo, mwendo, yaani ulaini na utulivu wa gari barabarani, uchakavu wa viungo na matairi, na mwisho gharama pamoja na urahisi wa kulirudisha gari lilivyokuwa. Suala la taa na breki linagusa njia zote, kwa hiyo limewekwa peke yake baadaye.

Njia ya kwanza: spesa za mbele

Hii ni kwa magari yenye koili na shokamzoba zilizofungwa pamoja mbele, kama Hilux Vigo na Revo, D-Max za kizazi cha pili na kuendelea, na Ranger za kuanzia 2011. Kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu huwekwa kati ya kichwa cha shokamzoba na chesesi.

Kimo. Shokamzoba hukaa karibu na katikati ya mkono wa chini wa sasipensheni, na kwa sababu hiyo spesa ya milimita 20 huinua gari kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya unene wake. Wengi hulijua hilo wakiwa wamekwisha kununua spesa ya milimita 50 wakidhani wanapata sentimita 5. Kwa mikono ya kiwandani, kuinua mbele kwa takriban sentimita 4 ndio ukingo wa busara. Kupita sentimita 5 kunahitaji mikono mipya ya juu yenye pembe iliyorekebishwa, na hapo kazi imekuwa nyingine kabisa.

Mzigo. Nyuma haijaguswa, kwa hiyo uwezo wa kubeba unabaki uleule. Lakini ile nafasi ya kushukia imekwisha kutumika: gari lililosawazishwa likiwa tupu, likipakiwa litainua pua. Hili linawaudhi zaidi wanaovuta trela, ambalo uzito wake hukandamiza nyuma ya ekseli.

Mwendo. Springi ni ileile, hivyo ulaini haubadiliki sana kwenye lami. Mabadiliko huonekana gurudumu linapoporomoka, kwa mfano baada ya kuvuka tuta kwa kasi, ambapo mkono wa juu hufika mwisho wa mwendo wake mapema na kutoa mlio wa kugonga. Kwenye barabara ya vumbi yenye rasta (mawimbi madogo ya udongo) mlio huo huwa mwenzako wa safari.

Uchakavu. Hapa ndipo spesa hulipisha deni lake. Spesa ya juu huruhusu gurudumu kushuka chini kuliko kiwanda kilivyokusudia, na kwa hiyo bolijointi za juu (viungo vya duara vya mikono), tairodi (vyuma vya usukani) na sivijointi za ekseli za mbele (viungo vinavyozungusha magurudumu) hufanya kazi kwa pembe kali zaidi kila wakati. Bolijointi iliyokuwa na miaka kadhaa mbele yake inaweza kuanza kulia mapema, na buti ya raba ya sivijointi hupasuka na kumwaga grisi. Ipo pia spesa ya aina nyingine inayowekwa ndani, juu ya koili yenyewe: hiyo haiongezi urefu wa shokamzoba, ila huibana springi zaidi na kupunguza nafasi ya gurudumu kushuka. Kwa viungo ina huruma zaidi, kwa fundi ina hatari zaidi, kwa sababu koili iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu, na nati ya katikati ya shokamzoba haifunguliwi kamwe bila kifaa maalumu cha kuibania springi. Ukimwona fundi anafunga koili kwa kamba ya nailoni ili afungue nati hiyo, chukua gari lako uondoke.

Gharama na kurejea. Ni rahisi kununua, hufungwa kwa nusu siku, na huondolewa bila alama yoyote. Alaimenti ya magurudumu (kurekebisha pembe zake) baada ya kazi ni sehemu ya bei yake, ingawa wauzaji wengi hawaitaji. Bila hiyo matairi ya mbele huliwa upande mmoja.

Njia ya pili: koili na shokamzoba mpya za mbele

Badala ya kusukuma springi ya zamani, unaiondoa na kuweka nyingine iliyopimwa kwa uzito halisi ulio mbele ya gari, pamoja na shokamzoba yenye urefu na nguvu inayolingana nayo. Old Man Emu ya ARB na Ironman 4x4, zote za Australia, hutengeneza koili za uzito mbalimbali kwa gari moja. Bilstein wa Ujerumani wana shokamzoba za mbele ambazo kikalio cha springi kinaweza kuwekwa kwenye ngazi kadhaa za kimo.

Kimo ni sawa na cha spesa, kati ya sentimita 2 na 5, na mipaka ya pembe ni ileile. Hakuna koili, hata iwe ya bei gani, inayoweza kubadilisha jiometria ya mikono ya kiwandani. Tofauti ni kwamba kimo hiki kinadumu kwa sababu springi ni mpya, na kwamba unaweza kuagiza koili ya gari lisilo na kitu mbele, lenye bulbaa, au lenye bulbaa na winchi. Mtu akichagua ile nzito kwa gari lisilo na bulbaa atapata kimo kikubwa kuliko alichotaka na pua isiyotaka kushuka hata kwenye breki.

Kwa upande wa mzigo hali ni ile ya spesa: nyuma haijabadilika, na gari likipakiwa litakaa pua juu, isipokuwa springi za nyuma nazo zibadilishwe.

Mwendo ndio sababu kubwa ya kuichagua njia hii. Shokamzoba za kiwandani zilizokwenda kilomita laki moja katika barabara zetu kwa kawaida zimekwisha, na mwenye gari amezoea udhaifu wao polepole kiasi cha kutouona. Seti mpya iliyolingana hurudisha utulivu kwenye kona na huzuia pua kuzama unapofunga breki. Ni haki kusema kwamba sehemu ya sifa ambayo watu huipa chapa fulani ingepatikana pia kwa kufunga shokamzoba mpya za kiwandani.

Uchakavu wa viungo upo, kwa kuwa pembe zimeongezeka, ila shokamzoba iliyotengenezwa kwa kimo hicho huwa na kikomo chake yenyewe kinachozuia gurudumu kushuka kupita kiasi, jambo ambalo spesa ya juu haina. Alaimenti ni lazima hapa pia.

Gharama ni mara kadhaa ya spesa, na vipuri vya chapa hizo havipatikani kila mji. Anayeishi Mpanda au Lodwar afikirie atafanya nini shokamzoba moja ikivuja. Kurejea kunawezekana kama umehifadhi seti ya zamani, lakini ni wachache wanaorejea.

Njia ya tatu: kukaza toshenba

Njia hii haimhusu kila mtu. Ni kwa pikapu za zamani ambazo mbele hazina koili bali nondo ndefu zinazojisokota, ziitwazo toshenba: D-Max za kizazi cha kwanza, L200 za kabla ya 2005, Ranger za kabla ya 2011, Nissan Hardbody, na baadhi ya Hilux za magurudumu manne za kabla ya Vigo. Kila nondo ina bolti ya kurekebishia nyuma yake, chini ya gari.

Kimo hupatikana kwa kugeuza bolti hizo kidogo kidogo, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi ili uzito usikae kwenye nyuzi za bolti. Baada ya kila mzunguko gari hushushwa, husogezwa, hupimwa tena. Kwa usahihi huu wa kurekebisha, njia hii inazishinda zote: unaweza kupata milimita 25 kamili, na unaweza kusahihisha gari lililolala upande mmoja. Fundi makini hupiga alama ya mahali bolti ilipokuwa, kwa rangi au kwa kupima urefu wa nyuzi zilizobaki nje.

Mzigo hauguswi. Kuhusu mwendo, wengi husema gari limekuwa gumu kwa sababu nondo zimekazwa, na hilo si kweli kabisa. Ugumu wa nondo ni uleule, ila mkono wa juu sasa umekaribia raba yake ya kikomo na hauna nafasi ya kushuka, kwa hiyo kila shimo linasikika kama pigo. Ukikaza kwa sentimita 2 au 3 utavumilia, ukikaza hadi mwisho utajuta kabla ya kufika nyumbani.

Uchakavu ni kama wa spesa, na kwa kuwa magari haya ni ya umri mkubwa, bushi na bolijointi zikaguliwe kwanza. Gharama ni ya ufundi na alaimenti tu, na kurejea ni suala la kulegeza bolti zilezile. Wenye magari haya hawana sababu ya kununua chochote kabla ya kuijaribu.

Njia ya nne: kushusha nyuma

Kati ya njia zote hii ndiyo inayotiliwa shaka zaidi, na ndiyo ambayo nadhani hupuuzwa bila haki, hasa pale mwinuko ulipoletwa na mikono ya watu. Ndani yake mna mambo manne tofauti: kuondoa mabapa yaliyoongezwa au bapa moja la kiwandani, kulegeza upinde wa springi kwa fundi wa springi, kuweka sheko fupi, na kuweka springi mpya laini zaidi.

Kimo. Kuondoa bapa moja hushusha nyuma kwa sentimita chache, kulingana na bapa lenyewe na uchovu wa mengine. Sheko ni kile kiungo cha chuma kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesesi. Katika pikapu hizi, ambapo springi inaning'inia chini yake, sheko fupi hushusha na sheko ndefu huinua, na badiliko la kimo juu ya ekseli ni takriban nusu ya badiliko la urefu wa sheko, kwa kuwa ncha moja tu ya springi ndiyo imesogea. Mipaka ipo kwenye raba za kikomo: kila sentimita unayoshusha ni sentimita ambayo ekseli imekaribia chesesi.

Mzigo. Hapa tusizungushe maneno. Ukiondoa bapa la kiwandani umepunguza uwezo wa kubeba, hata kama kadi ya gari inaendelea kuandika uzito uleule, na mabapa yaliyobaki yatafanya kazi ya lililoondoka. Ukiondoa bapa la nyongeza umelirudisha gari kwenye uwezo wake halali, wala hujapoteza kitu ulichopewa na kiwanda. Wapo wanaolainisha nyuma kisha wanaongeza mifuko ya hewa ya kusaidia siku za mzigo. Mifuko hiyo husukuma chesesi mahali pamoja, katikati ya springi, badala ya kwenye ncha mbili, na nchini Australia zinajulikana pikapu nyingi zilizopinda chesesi nyuma ya kabini kwa kuunganisha mifuko hiyo, mzigo mzito ulio mbali nyuma, na barabara mbaya.

Mwendo. Kwa gari linalotembea tupu, hakuna njia inayoleta ahueni kubwa kama kuondoa bapa au kuweka springi laini. Nyuma inaacha kurukaruka kwenye rasta, tairi linashika barabara badala ya kudundadunda, na abiria wa kiti cha nyuma wanaweza kuzungumza. Kuinua mbele hakumpi mtu hata kidogo cha haya.

Uchakavu. Viungo vya mbele havijaguswa kwa nguvu yoyote mpya, na hiyo ni faida isiyotajwa vya kutosha. Vya kuangaliwa ni vingine: pembe ya difu na propela (nondo inayopeleka nguvu nyuma), ambayo ikibadilika sana huleta mtetemo unapoondoa gari, urefu wa shokamzoba za nyuma, na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), ambazo baada ya kufunguliwa inafaa ziwekwe mpya na zikazwe upya baada ya kilomita mia chache. Bolti ya katikati inayoshika mabapa pamoja ibadilishwe pia. Kuhusu kulegeza upinde, fundi anayegonga bapa likiwa baridi huweza kufanya kazi nzuri. Anayelichoma kwa gesi ameua ugumu wa chuma chake, na springi hiyo italala au itavunjika.

Gharama na kurejea. Kuondoa mabapa ni kazi nafuu ambayo mafundi wa springi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, wanaijua kwa mikono, na mabapa ukiyatunza unaweza kuyarudisha. Springi mpya ni ghali. Upinde uliolegezwa haurudi ulivyokuwa bila kurudi kwa fundi, na hata akiupinda upya hautakuwa na uhai uleule.

Njia ya tano: kuiacha ilivyo

Kimo hakibadiliki, mzigo unabaki kama ulivyoandikwa, uchakavu ni wa kawaida, gharama ni sifuri. Kinachobaki kujadiliwa ni mwendo, na huo unaweza kuboreshwa bila kugusa kimo: shokamzoba mpya, bushi za springi zilizobadilishwa, na upepo wa matairi ya nyuma uliopunguzwa hadi kiwango cha gari tupu kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Watu wengi hutembea tupu na upepo wa mzigo mwaka mzima, kisha wanalaumu springi.

Taa na breki, kwa njia zote

Hilux ya milango minne ina takriban milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiinua mbele kwa sentimita 4, au ukishusha nyuma kwa sentimita 4, gari zima linaegama kwa chini kidogo ya digrii moja, na mwanga wa taa za mbele unapanda kwa karibu sentimita 32 kwenye ukuta ulio mita 25 mbele yako. Kiasi hicho kinatosha kumpofusha dereva anayekuja. Kile kitufe cha kushushia taa kilichopo kwenye pikapu nyingi kiliwekwa kwa ajili ya safari za mzigo. Ukikitumia kufidia usawazishaji, hutabaki na kitu cha kutumia utakapopakia. Taa zirekebishwe kwenye bolti zake baada ya kila mojawapo ya njia nne za kwanza.

Breki husahaulika zaidi. Pikapu nyingi zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa nguvu ya breki zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi ndogo, na valvu hiyo husoma mzigo kwa kupima umbali kati ya ekseli na chesesi. Ukishusha nyuma, valvu inadhani gari limepakiwa na kupeleka nguvu zaidi kwa magurudumu ya nyuma, ambayo kwenye barabara yenye utelezi yanaweza kujifunga na kulizungusha gari. Kinyume chake ni kweli kwa gari lililoongezwa mabapa: nyuma ikikaa juu siku zote, hata mzigo ukiwepo, breki za nyuma hazipati nguvu zinazostahili. Fimbo hiyo hurekebishwa kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kwa magari mapya yenye kamera kwenye kioo cha mbele au rada nyuma ya grili, kubadili mwegamo wa gari kunaweza kudai vifaa hivyo vipimwe upya kwa kompyuta. Muulize pia wakala wa bima, kwa maandishi, kama mabadiliko hayo yanakubalika, kabla ya kazi.

Nani achague nini

Anayebeba mzigo karibu kila siku, awe na duka la vifaa vya ujenzi au shamba, aiache pikapu yake ilivyo na aelekeze fedha kwenye shokamzoba na matairi. Akisawazisha gari tupu atakuwa anaendesha pua juu siku sita kwa wiki.

Anayetumia pikapu kama gari la familia na kubeba mizigo michache kwa mwezi ana chaguo halisi kati ya mbele na nyuma. Kama kinachomkera ni sura, spesa nyembamba ya ndani au koili mpya za kuinua sentimita 2 hadi 3 zitamtosha, na ni vyema aache nyuma ibaki juu kwa sentimita 1 au 2 ili mizigo ya sikukuu isilaze gari. Kama kinachomkera ni kurukaruka, kuinua mbele hakutamsaidia. Springi za nyuma za ugumu wa wastani, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake, ndizo jibu, ilimradi akubali kwamba hatapakia tani tena.

Aliyefunga bulbaa na winchi na kuona pua imezama aende moja kwa moja kwenye koili zilizopimwa kwa uzito huo. Spesa kwa gari la namna hii huficha springi iliyolemewa, haiiondolei mzigo.

Aliyenunua gari lenye mabapa ya nyongeza aanze kwa kuyaondoa, apime tena, na mara nyingi atakuta hakuna kilichobaki cha kusawazisha. Mwenye gari la toshenba akaze kidogo, apeleke gari kwenye alaimenti, na aishie hapo.

Kwa gari lililo bado kwenye dhamana ya kiwanda, subira ina thamani kuliko kifaa chochote, kwa kuwa sivijointi iliyopasuka chini ya spesa ni madai ambayo muuzaji ana haki ya kuyakataa. Na kwa yule anayepita barabara mbaya peke yake, mbali na miji, ambaye bado hajaamua, aulize kwanza ni kipuri kipi cha njia anayoitaka kinachopatikana katika mji wa mwisho kabla ya lami kuisha. Kama hakipo, akibebe cha akiba, au achague njia nyingine.